Sahani Moja na Jatelo

Binti wa Awuor alinipigia simu wiki iliyopita nikiwa dukani, nampimia mzee mmoja dawa ya kupe. Alinitajia jina lake, nikashindwa kulikumbuka, kisha akasema, "Auntie, mama ametuacha," akanyamaza akisubiri nilie. Sikulia. Niliuliza wanazika lini. Akasema ni Ijumaa, nyumbani Mfangano, na kwamba familia imekaa ikaona niseme maneno machache kama rafiki yake wa kazini, kwa sababu mama alikuwa akinitaja sana. Mzee wa kupe alikuwa ananitazama, chupa mkononi. Nikasema nitafika. Na nitaenda kweli, maana msiba ni msiba, na mtu hawezi kwenda kumwaga nyongo juu ya kaburi huku watoto wa marehemu wamekaa mstari wa mbele. Nitasema alikuwa mcheshi, mpishi hodari, na kwamba pale Homa Bay hapakuwa na mkono mwepesi kama wake kwenye kisu. Hakuna uongo hapo. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa sababu kule hayatakuwa na nafasi, na kwa sababu bado yananiuma. Watu husema kifo hufuta yote. Labda kwao.

Mwaka ule niliokwenda Homa Bay nilikuwa sijafika miaka ishirini na mitano. Nilitoka Kehancha na cheti changu cha kidato cha nne kwenye mfuko wa plastiki, nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha samaki kando ya ziwa. Nasema kazi, lakini kilikuwa kibarua: kila asubuhi tulisimama getini, tunaitwa au hatuitwi. Ndani kulikuwa na meza ndefu za chuma, sakafu inayoteleza, na maji baridi yasiyokoma. Sisi wanawake tulitoa minofu ya mbuta, minofu ikaenda kwenye barafu, na kilichobaki, kichwa na uti na mkia, tulikiita mgongo wazi, kikatolewa nje kwa kina mama wanaokaanga. Kila mmoja wetu aliota kitu kimoja, kontrakti. Mwenye kontrakti hakusimama getini. Akiugua alirudi akakuta nafasi yake, akijifungua alirudi akakuta nafasi yake. Leo nikiwaambia wanangu kwamba nililala nikiiota karatasi ya miezi sita wananicheka, na mimi nawaacha wacheke, kwa kuwa wao hawajawahi kusimama kwenye lile geti mvua ikinyesha, wakisikiliza majina ya wengine.

Awuor ndiye aliyenipokea. Alikuwa mjane, amenizidi kama miaka kumi, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili, na pale kiwandani walimwita Nyar Mfangano, binti wa Mfangano, kisiwa alikoolewa. Siku yangu ya kwanza alinitazama nikihangaika na samaki, akaninyang'anya kisu. "Yawa! Huyu unamkata kama unachinja ng'ombe ya kwenu. Samaki anabembelezwa." Jioni alinipeleka chumbani kwake mtaa wa Shauri Yako, akatundika leso katikati, akasema upande wa dirisha ni wangu kwa sababu mtu wa milimani atashindwa na joto. Nikakaa hapo mwaka mzima. Nilikuwa nimekulia maziwa na nyama, miiba ya samaki nikiiogopa kama sindano. Yeye ndiye aliyenifundisha kula ngege kwa vidole, kuanzia mgongoni, polepole, ulimi ukitangulia kutafuta mwiba kabla ya meno. Tulikula bakuli moja, kuon yake, yaani ugali, ngumu kama matofali katikati, tukisengenya kiwanda kizima. Nikiwa mkweli, sijawahi kucheka tena na mtu yeyote kama nilivyocheka na Awuor kwenye mkeka ule. Ndiyo maana sikusamehe. Angekuwa mtu baki ningeshasahau.

Msimamizi wetu tulimwita Jatelo, yaani kiongozi, kwa sababu kila asubuhi kabla ya visu kuguswa alitusimamisha tukaimba, kisha akatuombea kwa sauti tamu kweli. Kanisani kwake alikuwa mtu wa mbele. Alikuwa pia ndugu wa damu wa mume wa Awuor aliyefariki, na yeye ndiye aliyemwingiza Awuor kiwandani. Kwangu alianza na mzaha. Ng'ombe wangapi watatosha kunioa. Kama ni kweli Wakuria hulala na mishale chini ya godoro. Nilicheka, maana mgeni hucheka. Kisha siku moja, mbele ya vijana wa barafu, akasema, "Boke, hebu tuambie. Nyinyi kwenu wasichana wanapitishwa kisu. Wewe ulipitishwa ama bado? Kwa sababu naona kisu umezoea." Vijana wakaangua kicheko. Nilihisi uso unawaka na mikono iko kwenye barafu. Jambo hilo kwetu limeliza wanawake wengi, wengine limewazika, na yeye alilifanya kichekesho cha saa nne ili chai ishuke vizuri. Nikaendelea kukata.

Kontrakti zilipokaribia, mzaha ukageuka. Alinituma chumba cha baridi kuhesabu kreti, akanifuata, akasimama kati yangu na mlango. Mkono mmoja ulinishika kiuno, wa pili ukapita chini ya aproni. Hakuwa na haraka. Akasema kwa ile ile sauti ya maombi, "Mimi ndiye napeleka majina ofisini. Usinifanye nikusahau." Mlango ukafunguliwa, Awuor akaingia akisukuma kreti kwa goti. Aliona. Aliuona mkono ulipo na aliuona ukitoka. Jatelo akamwambia afunge mlango, baridi inapotea. Awuor akaufunga, lakini kwa ndani, akasimama pale pale akimtazama shemeji yake hadi yule bwana akatoka mwenyewe. Hakuna aliyewahi kunifanyia jambo la ujasiri kama lile, kabla au baada.

Jioni hiyo hakupika. Alizunguka chumba kile kidogo akipiga mapaja. "Nimeona na macho yangu hii mbili. Huyu ni shemeji yangu na nitasema. Hata wakinipeleka korti nitasema. Ati anatuombea asubuhi!" Mimi ndiye niliyeogopa. Nilisema tuyaache, nitakuwa mwangalifu, nitakataa kutumwa chumba cha baridi. Awuor akakasirika kunizidi mimi niliyeshikwa. Kesho yake akaniongoza chumba cha kubadilishia nguo, akaziondoa aproni zilizotundikwa nyuma ya mlango, na chini yake palikuwa na sera ya kampuni kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini. Ilikuwa imebandikwa ipasavyo, ina muhuri, na tulikuwa tukiifunika kwa nguo mbichi kila siku. Ilikuwa ya Kiingereza. "Wewe ndiye umesoma. Soma pole pole, nielewe." Nikamsomea kwa Kiswahili: kwamba sheria ya ajira inamkataza mkubwa kazini kumtaka mtu kimwili kwa ahadi ya kazi au kwa vitisho, kwamba hata maneno machafu yanahesabika, kwamba mtu hatabaguliwa kwa kabila lake wala kwa kuwa mwanamke, kwamba mlalamikaji atatunziwa siri na hataadhibiwa kwa kulalamika. Awuor alinirudisha kwenye lile la siri. Nikalisoma tena. "Koro, sasa kama imeandikwa na imebandikwa," akasema, "sisi tunaogopa nini?"

Basi nikaenda ofisi ya wafanyakazi. Mama wa ofisi ile alinisikiliza vizuri, akanipa tishu, akaniambia nimekuwa shujaa. Kabla wiki haijaisha, wakaangaji wa nje ya geti walikuwa wanajua mkono uliingia wapi. Kwenye mfereji nilisikia wenzangu, wanawake tuliosimama nao geti moja, wakisema nyuma yangu bila hata kushusha sauti, "Huyo Mkuria anataka kontrakti na mdomo. Wengine tumefanya kazi." Mwingine akasema, "Aende alalamike kwao Kehancha." Nikahamishwa kutoka meza ya minofu hadi banda la matumbo, upande wa nyuma, mahali ambapo nzi walikuwa wengi kuliko watu. Waliniambia ni mabadiliko ya kawaida. Awuor peke yake aliendelea kula chakula cha mchana nami, tena alikuja huko huko bandani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akila kwa madaha ili wamwone. Nikimkumbuka amekaa vile, hasira yangu inachanganyikiwa.

Yeye ndiye aliyesema twende kwa afisa wa kazi. Afisa alikuwa mwanamke mnene mpole, miguu imevimba, viatu amevivua chini ya meza. Alinieleza kwamba hata kibarua analindwa, kwamba kunihamishia matumboni baada ya kulalamika ni kosa lingine juu ya lile la kwanza, na kwamba angewaita wote mbele yake, na likishindikana hapo, kuna mahakama ya kazi. Kisha akaweka kalamu chini. "Mambo kama haya hufanyika mlango ukiwa umefungwa. Shahidi yuko?" Nikasema yuko. "Atakuja? Wengi huniambia yuko, siku ikifika simwoni." Nilicheka. "Huyu? Tunalala chumba kimoja."

Wiki chache kabla ya siku ya kikao Awuor alikwenda Mfangano. Alisema wakwe wamemwita. Aliporudi alikuwa amenyamaza, naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alichoma ugali. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Alasiri moja mama mmoja wa kwao akaja, wakazungumza nje chini ya dirisha langu, na Dholuo yangu, lugha ya kwao, kufikia hapo ilitosha kuelewa kwamba habari ni ya nyumba yake ya kisiwani, ile aliyojengewa na mumewe. Nilipomuuliza akasema paa linavuja. Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Nilimwambia hata mchango wa mabati tutautafuta pamoja.

Jumapili kabla ya kikao kwa afisa, alitoka kanisani mapema akakaanga ngege wawili wakubwa, akawatia nyanya na dania, harufu ikajaa ua mzima. Akasema kuna wageni wa kanisa. Nilikuwa napiga pasi blauzi yangu ya siku ya kikao mlango ulipobishwa, akaingia Jatelo na mkewe. Mkewe alikuwa mama mpole wa kofia nyeupe, aliyenikumbatia kabla sijajua la kufanya na kuniita nyaminwa, dada yetu. Sikujua anajua nini. Hadi leo sijui. Awuor hakunitazama. Alitandika mkeka, akaleta kuon, akaweka samaki wote kwenye sahani moja kubwa, kisha akaja na jagi na beseni kutunawisha. Alinawisha wageni, akafika kwangu, akainama na jagi lake na kusubiri.

Nieleze hapa kwa nini nilinyoosha mikono, maana nimejiuliza mara nyingi na watu wa nje hawaelewi. Kwetu Bukuria, na kwao pia, wenye uadui hawali pamoja. Hilo mtoto mdogo analijua. Lakini kwetu vilevile, mtu anayelala kwenye nyumba ya mwenzake hakatai chakula cha nyumba hiyo mbele ya wageni. Ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba anapika sumu. Niliwaza haraka. Nilijiambia, hiki ni chakula cha Awuor, si cha yule bwana. Namheshimu Awuor. Basi nikanawa, nikakaa, mama wa kofia nyeupe akaomba, na tukala sote wanne kutoka sahani ile. Katikati ya kula, Jatelo alimega mnofu mzuri wa tumboni, ule wenye mafuta, akausogeza upande wangu kwa vidole vyake. "Kula, binti." Nikaula. Ulinikwama, nikausukuma kwa ugali. Walipoondoka, Awuor alikunja mkeka na kusema amechoka, akalala upande wake wa leso, na mimi nikamaliza kupiga pasi blauzi yangu.

Siku ya kikao tulikaa kwenye ofisi ile ndogo, feni ikizungushia joto lile lile. Jatelo alikuwa na mtu wa kampuni mwenye tai. Nilisema yangu. Niliyasema yote, hata lile la kisu. Afisa akamgeukia Awuor. "Mama, siku hiyo chumba cha baridi ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

Awuor alivaa gauni lake la Pasaka. Aliangalia feni. "Mimi niliingia na kreti. Kulikuwa na baridi, kuna moshi ya barafu. Sikuona kitu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Afisa akarudia swali, kwa upole zaidi. Awuor akarudia jibu. Kisha akaongeza ambalo hakuna aliyemuuliza. "Hawa watu hawana maneno. Juzi Jumapili wamekula kwangu, sahani moja. Jatelo amemkatia samaki na mkono wake, na huyu akakula. Mtu hawezi kula na mwenye amemkosea."

Yule wa tai akatabasamu, na hapo ndipo nilipouona mtego mzima: wageni wa kanisa, mama wa kofia nyeupe, mnofu wenye mafuta, jagi lililosubiri. Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo nilioutumia tangu shule bila kujua unauma kiasi gani. Sijui ni nani aliyeupanga, Jatelo au wakwe wa Mfangano. Najua ni nani aliyekaanga.

Afisa alikasirika kwa niaba yangu, nitamshukuru kwa hilo. "Sheria haina kifungu cha samaki," akawaambia. "Sikuuliza nani amekula na nani." Akaagiza nirudishwe meza ya minofu, na kampuni iwafundishe wafanyakazi sera yake. Kuhusu mkono wa Jatelo akaniambia ukweli: bila shahidi ni neno langu na lake, mahakama iko Kisumu, mlango uko wazi, anaweza kunielekeza. Nilimtazama nikaona kwamba ningeweza kupigana na Jatelo, hata na kampuni. Lakini nisingeweza kusimama Kisumu nimsikilize Awuor akisema tena kwamba hakuona. Siku chache zilipita, Awuor akilala mapema upande wake wa leso ili tusikutane macho, kisha kampuni ikafanya mafunzo yale, tukakusanywa wote, na aliyeyafungua kwa maombi ni Jatelo. Siku hiyo ndipo nilipoacha kazi.

Nilirudi Shauri Yako kufungasha. Awuor alikuwa mlangoni. Nikamuuliza swali moja tu, kwa nini. Alinijibu bila kuzunguka, na hilo nalo lilikuwa la kwake. "Waliniambia nikisema, nyumba ya marehemu wanapatia watu wengine. Ninarudi wapi, Boke? Wewe uko na kwenu. Mimi kwetu ni pale." Nikamwambia angeniambia. Ningekwenda bila shahidi, ningeshindwa bila kulishwa kwanza. Akafunga macho. "Ungeniangalia vibaya," akasema. Nimelitafakari jibu hilo miaka yote hii na bado sina la kulifanyia. Woga wake nauelewa. Sheria ile tuliyoisoma pamoja ilinilinda mimi dhidi ya msimamizi. Haikuwa na mstari hata mmoja wa kumlinda mjane dhidi ya wakwe zake. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na kile chakula ni kingine.

Akataka kunisindikiza stendi. Nilikataa, akabeba begi kubwa hata hivyo, akatangulia. Nilipokaa kwenye gari la Migori alisimama dirishani, akaniambia nikifika nimpigie, asilale na wasiwasi. Nilipofika Kehancha jua lilikuwa halijazama. Mama aliniona nikiingia na begi, akaenda kuchemsha maziwa. Nikakaa kwenye kiti cha nje na simu mkononi, na sijui ni mazoea au ni upumbavu, nikampigia.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Nyasaye opaki. Mungu asifiwe." Kisha akacheka, kicheko kile cha mkekani, akashusha sauti kama tulivyofanya tukisengenya. "Nyaminwa, nikwambie. Sasa hivi wameniita ofisini. Wamenipatia kontrakti."

Alikuwa na furaha kweli. Nilisikia anapumua, ananisubiri nifurahi naye, kwa sababu pale Homa Bay nzima hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.